William Brooke O'Shaughnessy: Msomaji wa Damu ya Kipindupindu

Mnamo Oktoba 1831 kipindupindu kiliingia katika bandari ya Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Maradhi hayo yalikuwa yameanza safari yake ndefu huko Bengal mwaka 1817, na kila yalipopita yaliacha matanga. Aliyeamka mzima asubuhi aliweza kuzikwa kabla ya jua kuchwa. Macho yalididimia, sauti ikapwelea, ngozi ikasinyaa na kupata rangi ya samawati, na misuli ikajipinda kwa maumivu makali. Madaktari wa zama hizo waliwaumika wagonjwa damu, wakawapa dawa ya zebaki, afyuni na brandi, kila mmoja akishikilia nadharia yake. Ni katika vurumai hiyo ndipo kijana wa miaka 22, asiye na wadhifa wala leseni ya kutibu watu jijini London, alipochukua damu ya wahasiriwa na kuipima kwa mizani ya mwanakemia. Kijana huyo ni William Brooke O'Shaughnessy. Ulimwengu ulikuja kumjua zaidi kwa mambo mengine mawili, yaani bangi na simu ya maandishi. Hata hivyo, kazi yake ya kwanza ndiyo iliyogusa uhai wa watu wengi zaidi, na ndiyo iliyopuuzwa kwa muda mrefu zaidi.

O'Shaughnessy alizaliwa mwaka 1809 mjini Limerick, Ayalandi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambacho wakati huo kilisifika kote Ulaya kwa mafunzo ya tiba na kemia, akahitimu mwaka 1829. Alipohamia London alikuta milango ya taaluma yake imefungwa, kwa kuwa ruhusa ya kutibu watu jijini humo ilidhibitiwa vikali na vyama vya madaktari. Badala ya kulia na bahati yake, aligeukia maabara. Alijipatia riziki kwa kuchunguza sumu na ushahidi wa kikemia. Mwaka 1831 alichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa peremende za watoto zilizouzwa madukani, akadhihirisha kuwa rangi zake za kuvutia zilitokana na madini yenye sumu kama vile risasi na shaba. Tajriba hiyo ilimzoesha jambo moja ambalo madaktari wengi wa wakati wake hawakulizoea: kutoamini rangi wala sura ya kitu mpaka kipimwe kilichomo ndani yake.

Mtazamo wake wa awali kuhusu kipindupindu haukuwa sahihi. Mapema Desemba 1831, alipohutubia chama cha madaktari cha Westminster, alidhani kwamba weusi wa damu na usamawati wa ngozi ulitokana na upungufu wa oksijeni. Alipendekeza kutia mishipani chumvi zenye oksijeni nyingi, na alikuwa amekwisha kujaribu sindano za aina hiyo kwa mbwa. Laiti angebaki London akitetea wazo hilo, huenda jina lake lingepotea pamoja na majina ya wengi waliobuni tiba za kukisia. Alichofanya ni kufunga safari hadi Sunderland na Newcastle, akaingia katika nyumba za wagonjwa, akachukua damu na kinyesi chao, na kuvichambua. Matokeo yalipokataa kulingana na dhana yake, aliiacha dhana akafuata matokeo.

Muhtasari wa uchunguzi huo ulitokea katika Lancet tarehe 31 Desemba 1831, na ripoti kamili aliyoiandikia Bodi Kuu ya Afya ikachapishwa mwaka uliofuata. Yaliyomo yanaweza kufupishwa kwa hoja tano. Kwanza, chembe za damu zilikuwa na umbo lake la kawaida. Pili, damu ilikuwa imepoteza maji mengi. Katika kila sehemu 1000 za majimaji ya damu, wastani wa maji ulikuwa sehemu 860 tu, ilhali mtu mzima wa afya huwa na zaidi ya 900. Tatu, chumvi za kawaida za damu zilikuwa zimepungua sana. Nne, alkali ambayo hupatikana katika damu ya mtu mwenye afya ilikuwa imetoweka kabisa kwa baadhi ya wagonjwa, na kwa wengine ilibaki dalili yake tu. Tano, wagonjwa waliokuwa wameacha kukojoa walikuwa na yurea katika damu yao. Kisha akaongeza jambo lililoifunga hesabu yote: chumvi zilizokosekana katika damu, hasa kaboneti ya sodiamu, zilipatikana kwa wingi katika kinyesi cheupe cha wagonjwa. Kilichotoka huku kilionekana kule. Mwili haukuwa umejaa sumu ya kutolewa kwa kuumikwa. Ulikuwa umefilisika.

Kaboneti ya sodiamu si kitu kigeni kwa wasemaji wa Kiswahili. Ni magadi, madini yaliyolipa jina ziwa mashuhuri la Bonde la Ufa na yanayotumiwa majikoni kulainisha maharagwe na mboga ngumu. Kwa hivyo, ugunduzi wa O'Shaughnessy unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuazima istilahi nyingi: mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji, chumvi na magadi ya mwili wake, na magadi yakiisha, tindikali hukosa cha kuizuia.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa leo asidosisi ya metaboli. O'Shaughnessy hakuwa na neno hilo. Lilikuja kutumiwa na wataalamu mwanzoni mwa karne ya 20. Wala hakuwa na kipimo cha pH, kilichobuniwa na Mdenishi Søren Sørensen mwaka 1909. Hata hivyo, orodha yake ya mwaka 1831 inakaribiana mno na fomu ya vipimo vya damu ambayo daktari wa leo huisoma kando ya kitanda cha mgonjwa. Ili kuthamini uketo wa alichokiona, yafaa kueleza namna fomu hiyo inavyosomwa.

Daktari huanza na pH, ambayo katika damu ya ateri ya mtu mwenye afya huwa kati ya 7.35 na 7.45. Huangalia kisha bikaboneti, ambayo ndiyo alkali kuu ya damu, na ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimoli 22 na 26 kwa lita. Cha tatu ni shinikizo la kaboni dayoksaidi, ambalo huwa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. pH ikishuka chini ya 7.35 na bikaboneti nayo ikawa imeshuka, asidosisi ni ya metaboli. Mwili haukubali kushindwa hivi hivi. Mgonjwa huhema kwa kasi na kwa kina ili kuitoa kaboni dayoksaidi, ambayo nayo huchangia tindikali. Kiasi cha fidia hiyo hukadiriwa kwa kuzidisha bikaboneti kwa 1.5 na kuongeza 8, jibu likiruhusiwa kupotoka kwa 2 juu au chini. Shinikizo likizidi makadirio hayo, ni ishara kuwa mapafu yameelemewa na hayamudu kazi ya kufidia.

Hatua inayofuata ni kutafuta chanzo. Hapa hutumiwa hesabu ya pengo la ioni: kloridi na bikaboneti hujumlishwa, kisha jumla hiyo hutolewa katika sodiamu. Katika maabara nyingi pengo la kawaida hukaribia kati ya 8 na 12. Mfano wa tarakimu unalidhihirisha jambo hili. Mgonjwa wa kuhara mwenye sodiamu 138, kloridi 114 na bikaboneti 12 ana pengo la 12. Bikaboneti yake imepotea, kloridi ikapanda kuziba nafasi, na pengo halikubadilika. Mgonjwa wa kisukari mwenye sodiamu 138, kloridi 100 na bikaboneti 12 ana pengo la 26. Huyu hakupoteza alkali kwa njia ya matumbo. Tindikali ngeni, yaani ketoni, zimeingia katika damu yake na kuila bikaboneti. Bikaboneti ni ile ile 12, lakini hadithi ni mbili tofauti, na tiba ni mbili tofauti. Wa kwanza ana haja kubwa ya kurejeshewa alichopoteza. Wa pili, pamoja na maji, ana haja ya insulini.

Kwa kutumia kipimo hiki, hoja ya nne na ya tano za O'Shaughnessy zinapata uzito mpya. Alipoona alkali imetoweka katika damu na kuonekana katika kinyesi, alikuwa amekutana na asidosisi ya aina ya kwanza. Alipoona yurea katika damu ya wasiokojoa, alikuwa amekutana na figo zilizoacha kufanya kazi kwa kukosa damu ya kutosha, na figo zikiacha kazi, tindikali za mwili hukosa pa kutokea. Ndiyo sababu katika kipindupindu kikali pengo la ioni huweza pia kupanda: mzunguko wa damu ukidhoofika, misuli huzalisha asidi laktiki, na figo hushindwa kuiondoa mizigo yake. Njia zote mbili za kuelekea mautini zilikuwamo katika ripoti ya kijana wa miaka 22, ingawa zana za kuzitenganisha zilikuwa bado hazijabuniwa.

Aidha, O'Shaughnessy alibainisha tiba iliyotokana moja kwa moja na vipimo vyake. Damu irejeshewe uzito wake wa kawaida, na irejeshewe chumvi zilizopungua. Pale ambapo mgonjwa hawezi tena kunufaika na anachokunywa, maji ya uvuguvugu yenye chumvi za damu yatiwe mishipani. Yeye mwenyewe hakuitekeleza tiba hiyo kwa binadamu. Aliyethubutu ni Thomas Latta, daktari wa Leith huko Uskoti, aliyesoma maandishi yake na kuyafanyia kazi mwezi Mei 1832. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee ambaye tiba zote za kawaida zilikuwa zimemshinda. Latta alimtia mishipani painti sita hivi za maji yenye chumvi na kaboneti ya soda katika muda wa nusu saa. Macho yaliyokuwa yamezama yalirudi kung'aa, mapigo ya moyo yakarejea, na mgonjwa akaonekana yu tayari kulala usingizi wa kawaida. Latta alimwacha chini ya uangalizi wa mwenzake akaenda kupumzika. Kuhara kulirejea, hakuna aliyeendelea kumtia maji, na baada ya saa tano na nusu mwanamke huyo alifariki.

Kisa hicho kinabeba kwa muhtasari sababu za kuachwa kwa tiba hiyo. Waliotiwa maji walikuwa wale waliokwisha kukatiwa tamaa. Maji yenyewe hayakuwa yametakaswa vijidudu, kwa kuwa elimu ya vijidudu ilikuwa haijazaliwa, na kiasi cha chumvi kilikuwa pungufu kuliko kile cha damu. Zaidi ya hayo, wengi hawakuelewa kwamba kinachoendelea kupotea lazima kiendelee kurudishwa. Waliopona walihesabiwa kuwa bahati. Waliokufa walihesabiwa kuwa ushahidi. Latta alifariki mwaka 1833. Wimbi la maradhi lilikuwa limepungua Uingereza, na madaktari wakarejea katika mazoea yao, hata kule kuumika watu ambao damu yao tayari ilikuwa pungufu. Mwaka huo huo wa 1833, O'Shaughnessy alijiunga na utumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, akasafiri kwenda Calcutta, katika jimbo lile lile la Bengal ambako kipindupindu kilianzia. Hakurudia tena uchunguzi wake wa damu kwa kiwango cha awali, na haki ya uvumbuzi wake ikakosa mtetezi.

Maisha yake ya India yalimpa umaarufu wa aina nyingine. Alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Udaktari cha Calcutta, kilichoanzishwa mwaka 1835 ili kuwafunza vijana wa Kihindi tiba ya Ulaya. Hakuyadharau maarifa aliyoyakuta. Aliwauliza wataalamu wa tiba za Kihindu na za Kiislamu kuhusu mmea waliouita bhang au ganja, akaujaribu kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa wa baridi yabisi, pepopunda na kichaa cha mbwa. Maandishi yake ya mwaka 1839 ndiyo yaliyoutambulisha mmea huo kwa kina kwa madaktari wa Ulaya. Hakudai miujiza; aliripoti kuwa mgonjwa wa kichaa cha mbwa alikufa licha ya dawa, ila alikufa akiwa amepunguziwa mateso. Wanafunzi wa Kiswahili watatambua neno hilo mara moja, kwani bangi ya Kiswahili na bhang ya Kihindi ni ndugu wa mlango mmoja, waliosafirishwa na biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya daktari yeyote wa Ulaya kuandika habari zao.

Mwaka huo wa 1839 alitandaza karibu na Calcutta waya wa majaribio wenye urefu wa maili 21 hivi, akapitisha ishara za umeme ndani yake. Jaribio hilo halikutiliwa maanani na watawala hadi zama za Gavana Mkuu Dalhousie, zaidi ya miaka 10 baadaye. Kufikia wakati huo O'Shaughnessy alikuwa amechapisha kitabu chake cha dawa za Bengal mwaka 1842, na kuteuliwa mwanachama wa Royal Society ya London mwaka 1843. Mnamo Novemba 1853 ujenzi wa laini ya simu kutoka Calcutta hadi Agra, umbali wa maili 800 hivi, ulianza. Ukakamilika Machi 1854. Kufikia mwaka 1855 Bombay na Madras pia zilikuwa zimeunganishwa. Katika kazi hiyo alisaidiwa na Wahindi kama vile Seebchunder Nandy, ambao mara nyingi historia huwataja kwa sauti ya chini. Malkia alimtunuku cheo cha Sir mwaka 1856. Mwaka uliofuata Wahindi walipoasi, simu hiyo iliwasaidia watawala kupashana habari na kuuzima uasi. Sifa ya mhandisi na maumivu ya waliotawaliwa vikawa katika waya mmoja.

O'Shaughnessy aliondoka India mwanzoni mwa miaka ya 1860, akabadilisha jina mwaka 1861 na kuwa William O'Shaughnessy Brooke, kisha akaishi kimya nchini Uingereza. Alifariki Southsea mnamo Januari 1889.

Huku nyuma, kipindupindu hakikungoja wanasayansi. Kiliishambulia Zanzibar mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwa kisiwani wakati huo, akachapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu njia za maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki. Miaka 38 ilikuwa imepita tangu Latta atie maji mishipani kwa mara ya kwanza. Wagonjwa wa zama hizo, wa Zanzibar na wa London vilevile, hawakunufaika na hesabu ya mwaka 1831.

Maarifa hayo yalifufuka hatua kwa hatua. Carl Schmidt alithibitisha mwaka 1850 upotevu wa chumvi katika kipindupindu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Leonard Rogers, akiwa Calcutta, alirejesha tiba ya kutia maji ya chumvi mishipani kwa vipimo na kupunguza vifo kwa kiasi kikubwa, naye Andrew Watson Sellards, akiwa Ufilipino, alionyesha haja ya kuongeza alkali. Lawrence Henderson mwaka 1908 na Karl Hasselbalch mwaka 1916 waliupa uhusiano wa bikaboneti na kaboni dayoksaidi sura ya hesabu, nao Donald Van Slyke na mwenzake Glenn Cullen wakatoa mwaka 1917 njia ya kuipima bikaboneti katika maabara ya hospitali. Mwaka 1971, mwaka ambao kipindupindu cha wimbi la saba kiliripotiwa Kenya, Dilip Mahalanabis aliwatibu wakimbizi wa Bangladesh katika kambi ya Bongaon kwa maji ya kunywa yenye sukari na chumvi, akaokoa maelfu pale ambapo chupa za kutia mishipani zilikuwa zimekwisha.

Mgala muue na haki yake mpe. O'Shaughnessy alikuwa mtumishi wa dola iliyotawala kwa mabavu, na hakuwa mtabibu aliyewaokoa wagonjwa wengi kwa mikono yake. Haki anayostahili ni ya kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuisoma damu kama hati, kuhesabu kilichopungua, kukitafuta kilikokwenda, na kusema waziwazi kuwa kirudishwe. Pakiti ya chumvi za kunywa iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambayo huyeyushwa katika lita moja ya maji safi, ina gramu 20.5 kwa jumla: gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Sitreti hiyo hugeuzwa na mwili kuwa bikaboneti. Ni zile gramu chache za alkali ambazo mizani ya O'Shaughnessy ilizikosa katika damu ya wagonjwa wa Newcastle.